Mwaka Mwanangu Alipotembea Akiwa na Wiki Tatu

Hakuna kitu hapa duniani kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, na tangu siku hiyo nimejifunza kila kitu kwa macho yangu mwenyewe. Nimeona ndama wa vichwa viwili akizaliwa Endagikot, nimeona mtu mwenye digrii akinunua maksai eti akapandishe majike yake, nimeona mzee wa kanisa akiapa kwamba ng'ombe wake ana miaka minne wakati meno yalikuwa yanasema tisa. Leo nina nyumba tatu Dongobesh na fuso mbili barabarani, na hakuna mtu aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Kwa hiyo Jumapili ile, mwanangu Daudi alipomsimamisha mtoto wake wa wiki tatu juu ya meza yangu ya chakula, katikati ya sahani za pilau na bakuli la maziwa mgando, akapiga kelele, "Baba! Baba, tazama, anatembea!", watu wote waliinuka kwenye viti isipokuwa wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni mama mkwe wangu, bibi yake Daudi mzaa mama, aliyekuwa anaitafuna nyama yake taratibu kwa meno mawili yaliyobaki. Katoto kalikuwa kananyanyua mguu, kanaweka, kananyanyua mwingine, kama askari mlevi. Mkwe wangu Neema, mke wa Daudi, akaita kutoka chumbani alikolala na uzazi, "Daudi, simu inasema hiyo ni kawaida ya wiki ya tatu!" Simu inasema. Siku hizi hata mtoto kupiga chafya lazima simu iruhusu. Yule bibi akameza, akanigeukia, akaniangalia moja kwa moja. Mimi nikajifanya nachota kachumbari.

Alijua ninachokumbuka. Nakumbuka mwaka aliozaliwa huyo huyo Daudi, nikiwa na miaka ishirini na sita na akili ya mtu wa miaka sita. Sitaeleza habari za baba yangu wala za ukoo, hazisaidii. Niseme tu kwamba nilikuwa nanunua ng'ombe tambarare za Hanang na kuwauza mnadani Dongobesh, na nilikuwa nimeoa huko huko ninakonunua. Mke wangu Paulina ni binti wa wafugaji walio chini ya mlima, na mimi ni mtu wa milimani Mbulu, wa jembe na ngano. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya bucha. Ukuta ulinuka mafuta ya mbuzi mchana na usiku, na kwenye kona ya chumba cha mbele nilikuwa nimerundika magunia ya kitunguu saumu kutoka Tlawi nikisubiri bei ipande, kwa hiyo mgeni akiingia hakujua kama amekuja kusalimia au kununua viungo. Paulina alipojifungua, mama yake akapanda basi na kuja na kibuyu cha samli, fimbo, na amri. Amri yenyewe ilikuwa fupi: kwa watu wake mama na mtoto hukaa ndani miezi mitatu, mtoto hatoi hata pua nje ya mlango, na mume haingii chumba cha uzazi. Mimi, niliyelipa kodi ya vyumba vile, nikahamishiwa kwenye magunia ya kitunguu saumu. Nilikuwa nakula makande barazani kama mpangaji, nikisikia wanawake wanacheka nyuma ya pazia, na mke wangu akinyweshwa uji wa mtama uliotiwa samli mpaka uso wake unang'aa kama sahani.

Siku ya kumi akaja Sista Agripina, nesi wa zahanati, kumkagua mtoto nyumbani kwa kuwa mama mkwe alikataa katakata wasitoke. Mwanamke mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na wajawazito. Alimleta mtoto chumba cha mbele penye dirisha, akamlaza mezani juu ya kanga, na hapo ndipo nilipomwona mwanangu vizuri kwa mara ya kwanza. Nikamkagua kama ninavyomkagua ndama, kwa nini nidanganye? Nikatazama kwato, yaani nyayo. Nikatazama mzunguko wa nywele kwenye paji la uso, maana ndama mwenye mzunguko juu ya macho huwa mkali. "Huyu atakuwa mkali," nikasema. Mama mkwe akajibu bila kunitazama, "Mtoto si ng'ombe." Nikanyoosha kidole kwenye kiganja chake. Akakifumbata! Vidole kama maharage, lakini ukivuta, anakuja nacho. "Amenijua," nikasema. "Ona anavyonishika. Huyu amejua kwamba mimi ndiye baba yake." Sista Agripina akachomoa kalamu mfukoni, akaiweka kwenye kiganja kingine. Mtoto akaifumbata vile vile.

"Na kalamu nayo ameijua?" akauliza.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilimchukia yule nesi kuanzia dakika ile, na niliendelea kumchukia mwaka mzima, kwa sababu kila alichosema kilikuja kuwa kweli. Akapiga kofi moja karibu na meza, mtoto akatupa mikono pande zote kama anayeanguka, kisha akaikunja. "Anashtuka, vizuri." Akamgusa shavu, mtoto akageuza mdomo kutafuta ziwa. Halafu akamshika makwapani, akamsimamisha, nyayo zikagusa mbao za meza, na mwanangu akatembea. Kushoto, kulia, kushoto. Niliruka nikagonga kichwa kwenye kenchi ya paa. Sista akaanza kunihubiria: "Baba Daudi, nisikilize. Haya yote amezaliwa nayo, hajaamua kitu hapo. Huku kutembea kutapotea akifika miezi miwili hivi, utafikiri amesahau. Usiogope. Atakaza shingo, atakaa, atatambaa, halafu mwakani ndipo atatembea kweli." Nikamwitikia "sawa sista" kwa heshima zote na moyoni nikamtemea mate. Nilikuwa nimezalisha ndama wasiohesabika kwa mikono hii. Ndama anaanguka chini, analambwa, ndani ya saa moja amesimama, na akishasimama amesimama. Nionyeshe ndama aliyesimama leo akasahau kesho! Huyu mwanamke alikaa darasani miaka mingapi ili aje kuniambia kwamba miguu husahau? Hivyo ndivyo nilivyowaza, na nikitazama nyuma leo sijui nimdharau nani zaidi, yeye kwa majivuno yake au yule kijana aliyesimama pale na uvimbe kichwani akidhani amezaa mfalme.

Dharau bila watu wa kuiona haina utamu. Siku ya mnada, mtoto ana wiki tatu kamili, mama mkwe akatoka kwenda kisimani na Paulina akapitiwa na usingizi. Nikainua pazia. Nikaingia chumba nilichokatazwa, kina joto na harufu ya samli na maziwa, nikambeba mwanangu ndani ya koti langu, nikatoka. Ulikuwa mwendo wa dakika tano mpaka mnadani. Upepo wa Dongobesh mnaujua, unapita kwenye koti kama halipo, lakini mimi sikusikia baridi. Pale kwenye meza ya nyama choma walikaa wachuuzi wenzangu, na katikati yao Gidamis, mfugaji wa Hanang mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Nikasogeza chumvi na pilipili, nikamsimamisha Daudi juu ya meza. Akatembea. Watu walipiga mayowe mpaka wauza mitumba wakaacha nguo zao wakaja kutazama.

"Tluway," Gidamis akaniita, ameshika mfupa mkononi, "huyu unauza shilingi ngapi?"

"Hauzwi."

"Nipe hata nusu. Nichukue upande wa miguu."

"Cheka tu, mzee. Krismasi atakuja hapa mnadani kwa miguu yake, atakununulia soda."

"Akija kwa miguu Krismasi, nitamwita shemeji na nitamwamkia shikamoo."

Niliporudi nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kizingiti na fimbo yake magotini. Nilitegemea matusi, maana matusi nayaweza. Hakutukana. Alinyoosha mikono nikampa mtoto, akamnusa kichwani muda mrefu. "Ananuka mnada," akasema. Nyuma yake Paulina alikuwa anafunga kanga kwenye furushi, analia bila sauti. Nikamwambia mama mkwe nilimtoa dakika kumi tu, na mtoto ni wangu. Akanijibu, "Wako ukimwona nje mwezi wa nne. Sasa bado ni wa nyumba, na wewe umevunja nyumba." Asubuhi basi la kwanza lilipoondoka kwenda tambarare walikuwemo wote watatu, mtoto kafunikwa mpaka hakuonekana. Nikasema waende. Nikasema wiki mbili tu watarudi wenyewe, watu wasiojua hata kulima wataishi vipi bila mimi. Nikauza kitunguu saumu kwa hasira, kabla bei haijapanda.

Mwezi uliofuata Gidamis akanikuta mnadani. Safari hii hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimepita kwa wakwe zako," akasema. "Nimesikia yule mwanao anakunja miguu. Wakimsimamisha hakanyagi. Amelegea kama kamba." Kwenye kichwa changu maneno ya Sista Agripina hayakuwepo kabisa, yalikuwa yamefutika. Nilichoona ni yule bibi na samli yake na kanga zake, akimfunga mwanangu miguu kila siku mpaka imekufa, ili kunikomesha. Niliazima pikipiki. Nilifika kwake chini ya mlima jua likiwa kichwani, nikakuta wanawake kama kumi wanashona ngozi na kuongea, nikasimama mbele yao bila hata kuvua kofia.

"Shikamoo," nikasema, kwa mazoea tu.

Mama mkwe, aliyekaa katikati yao, hakuitikia.

"Umemvunja mwanangu miguu," nikasema. "Alitembea, watu wote wa Dongobesh ni mashahidi. Umemfunga miguu, mchawi wewe."

Sindano zote zilisimama. Hata ng'ombe waliacha kutafuna. Sasa lazima mjue, na mimi nilijua, ndiyo maana sina pa kujificha: kwa watu wale wanawake wana baraza lao, na mwanamume akikosea jambo la uzazi hakuna mwanamume mwenzake anayeweza kumtetea. Walikutana uwanjani wiki hiyo hiyo, wengi, wazee kwa vijana, kila mmoja na fimbo yake, nami nikawekwa mbali kama mbuzi anayesubiri mnunuzi. Walizungumza kwa lugha yao tangu asubuhi mpaka alasiri. Shangazi yake Paulina akatumwa kunitafsiria hukumu. Ilikuwa na kosa moja tu, la kumtoa mtoto nyumba ya uzazi. Lile la kumwita mama mkwe mchawi walisema ni upumbavu, na upumbavu hawautozi. Faini ilikuwa dume jeusi lisilo na doa hata moja, la kuchinjwa na wao na kuliwa na wao. Mpaka nilipe, nisivuke kizingiti cha nyumba ile, nisimshike mtoto. Niliwacheka usoni. Mimi nihukumiwe na wanawake wasiojua kusoma? Kwamba mimi mwenyewe kusoma kwangu kulikuwa kwa kubahatisha, hilo halikunijia.

Nilikaa miezi ya upuuzi mtupu. Nilipika ugali ukaungua, nikala kwenye mabanda, nikalala tena kitandani kwangu peke yangu nikajiambia ni raha. Mtoto alipofika miezi mitano nikachoka, lakini nikachoka kwa ujanja, si kwa toba. Nilikuwa na dume jeusi zuri lenye doa jeupe chini ya tumbo, dogo, kama kisahani cha chai. Nikanunua dawa ya viatu nyeusi, nikampaka doa lile tabaka tatu na brashi, nikamng'arisha. Wataalamu wa mnada wangempitisha, nawaapia. Mama mkwe alizunguka dume lile mara moja. Akapiga goti kwa shida, akaingiza mkono chini ya tumbo, akasugua na kidole gumba kilichopakwa samli, akanyanyua kidole akawaonyesha wenzake. Halafu akakinusa. "Viatu," akasema. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilirudi na dume langu kilomita zile zote, na habari ilifika Dongobesh kabla yangu. Watu wakawa wananiuliza mnadani kama nina dume la kahawia pia, viatu vyao vimechakaa.

Kilichonivunja hakikuwa kicheko. Kuchekwa nimezoea, nami huwacheka wengine. Mtoto alipofika miezi tisa nilisikia wanampeleka kliniki ya tambarare kupimwa uzito, nikaenda nikajipanga nje ya foleni kama mtu anayesubiri usafiri. Zahanati si nyumba yao, nikajiambia, hapo hakuna kizingiti changu wala chao. Na nani kakaa pale mezani na daftari? Sista Agripina, kahamishiwa huko. Paulina, aliyekaa kando ya mama yake, akaniona akainamisha macho. Daudi alikuwa chini kwenye mkeka, amekaa mwenyewe, mgongo umenyooka, anagonga kifuniko cha sufuria sakafuni. Miguu yake! Minene, mizima, inapiga mkeka. Akapanga magoti akatambaa kama ndama anayefuata kamba, mpaka karibu na kiatu changu. Nikachuchumaa. Nikasahau hukumu, nikanyoosha kidole kile kile.

Akanitazama. Kwanza alitulia, akanipima kofia, ndevu, mdomo. Halafu uso ukajikunja, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia hata kwa nguruwe, akageuka akatambaa mbio kwa bibi yake, akajificha kwenye nguo yake ya ngozi. Kila nikijongea anapiga upya. Watu wote wa foleni walikuwa wananitazama, mtu mzima kachuchumaa na kidole hewani.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Haumwi," Sista Agripina akasema, anaandika, hata hakuinua uso. "Umri huu wanajua watu wao. Wakiona mgeni wanalia. Tena kuna wanaoenda kwa mtu yeyote na kuna wanaopima kwanza. Huyu ni wa kupima."

"Mimi si mgeni."

Hapo akainua uso. Alinitazama, akamtazama mtoto, akarudi kwenye daftari. "Kilo nane na nusu," akamwambia Paulina. "Anaendelea vizuri."

Siku ile nilimdharau mtu mmoja tu, na hakuwa nesi. Siku ya kumi alikuwa anafumbata kidole changu na kalamu bila kuchagua, nikajivuna. Sasa amejifunza kuchagua, na mimi sikuwepo kwenye darasa hilo. Dume lingeweza kunisubiri mwaka, mtoto alikuwa hanisubiri hata wiki, kila nikikawia anapita hatua nyingine na kuifunga nyuma yake. Kesho yake nilianza kutafuta. Nilikwenda minada yote, na kila dume jeusi lina doa, masikio meupe, mkia wenye nywele mbili za kijivu. Jeusi tii lilikuwa moja tu katika wilaya mbili, nalo lilikuwa la Gidamis. Mimi ambaye sijawahi kununua hata kuku kwa bei ya kwanza, nilitaja bei yangu, akataja yake, akakunja mikono. Alijua ninachonunua si dume. Nikalipa, na kiasi nitakisema, tulieni.

Wanawake walilichinja siku ya jua kali, wakala, wakaniacha nikikaa mbali na harufu. Jioni shangazi akaja akaniambia naweza kuvuka. Niliinama mlangoni. Ndani palikuwa na giza la moshi na mwanga mdogo wa moto, Paulina anakoroga maziwa, mama mkwe amekaa kwenye kigoda. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya viatu. Sikumkimbilia mtoto. Nilikaa chini karibu na mlango, nikatazama kwingine, kama unavyofanya na mnyama mwoga, na hicho ni kitu pekee cha mnadani kilichonifaa mwaka ule. Nilikuja hivyo siku kumi na moja. Siku ya tisa alinigusa ndevu. Na mwezi wake wa kumi na tatu, nikiwa bado naja na kukaa pale pale, Daudi alijishika kwenye kigoda, akaachia, akatembea hatua nne za kweli, moja moja, akifikiria kila moja. Alikuwa anakwenda kwa bibi yake. Ya tano alianguka upande wangu, nikamdaka.

Hayo yote yalinipita mezani Jumapili ile nikiwa na kijiko cha kachumbari mkononi. Daudi alikuwa bado anamtembeza mwanawe kati ya sahani. "Baba," akasema, "Jumatano ni mnada. Nikampeleke dakika kumi tu wamwone?"

"Mtoto hatoki," nikasema. Sauti yangu iligonga vyombo. "Huko kutembea kutapotea, usishangae, usimlaumu mtu. Mwakani ndipo atatembea. Na kila jioni ukitoka kazini ukae naye chini, kila jioni, umesikia? Mrudishe kwa mama yake."

"Sawa, baba. Sasa mbona mkali?"

Mama mkwe akaweka mfupa kwenye sahani. "Mwambie dume lilikuwa bei gani," akasema.

"Laki moja na arobaini na mbili elfu."

"Sema yote."

"Na mia tano," nikasema. Gidamis alinidai mia tano juu ya bei, na nilipomuuliza ni ya nini akaniambia ni ya dawa ya viatu. Nikailipa pia. Shilingi laki moja na arobaini na mbili elfu na mia tano.